Mgonjwa atibiwe, uongo ujibiwe

Kila Jumamosi alasiri, jua linapoanza kulegea, mimi huketi na kikundi cha wanafunzi wa sekondari chini ya mbuyu mmoja hapa Kizingo, kando ya barabara ya Mama Ngina. Nimestaafu ualimu, lakini chaki haijanitoka vidoleni. Wao huja na hoja zao za mdahalo, nami huja na masikio yangu. Mbele yetu meli huingia na kutoka Kilindini, nyuma yetu wauza mihogo na madafu huita wateja, na sisi hapo katikati hujadili mambo ambayo darasani hukosa nafasi kwa kuwa hayamo katika mtihani.

Jumamosi moja, mapema mwaka huu wa 2026, hoja iliyoletwa ilikuwa hii: "Mtu maarufu asilaumiwe kwa kauli zake iwapo ni mgonjwa wa akili." Aliyezusha hoja hiyo ni msanii wa Marekani, Kanye West, ambaye tangu 2021 jina lake rasmi ni Ye. Kijana mmoja alisimama akatueleza jinsi msanii huyo alivyosema, mwaka 2018, kwamba utumwa wa watu weusi uliodumu miaka 400 aliuona kama jambo walilojichagulia wenyewe. Kicheko kikapasuka. "Mwalimu, yule ni chizi tu," akasema mwenzake. "Maneno ya chizi nayo hujibiwa?" Kicheko kikazidi. Naungama kwamba mimi pia nilicheka.

Msichana mmoja hakucheka. Wenzake walipoondoka alibaki nyuma akijifanya kukunja mkeka uliokwisha kukunjwa. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, kaka yangu ana maradhi hayo hayo. Huu ni mwaka wa tatu anatibiwa, na hajapata kumtukana mtu. Wenzangu wakisema yule ni chizi tu, basi na kaka yangu ni chizi tu. Je, wawili hawa ni kitu kimoja?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Makala haya ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

Tuanze na yale yanayojulikana. Mnamo Novemba 2016 msanii huyo alifuta maonyesho yake akalazwa hospitalini mjini Los Angeles. Mei 2018 akatoa ile kauli ya utumwa katika chumba cha habari cha shirika la TMZ. Mwezi uliofuata alitoa albamu ambayo jalada lake lilitaja waziwazi ugonjwa alio nao, baipola. Oktoba mwaka huo huo akafika huku kwetu Afrika Mashariki: alikwenda Uganda, akakutana na Rais Yoweri Museveni huko Entebbe, akamzawadia viatu vya raba, naye akapewa jina la kienyeji, Kanyesigye. Sisi majirani tulizishangilia picha hizo, wala sikumbuki tukiuliza kwa nini mtu aliyeutukana utumwa wa babu zetu miezi mitano iliyopita apokewe kama mwana aliyerudi nyumbani.

Mwaka 2020, akiwania urais wa nchi yake, aliuambia mkutano wa hadhara huko South Carolina kwamba Harriet Tubman hakuwahi hasa kuwakomboa watumwa. Oktoba 2022 aligeukia Wayahudi kwa maneno ya chuki, na tarehe 25 ya mwezi huo kampuni ya Adidas ikavunja mkataba naye. Desemba akamsifu Hitler mbele ya kamera. Baadaye aliomba radhi, lakini mapema mwaka 2025 akaufuta msamaha huo kwa maneno makali kuliko ya kwanza. Hatimaye, Januari 2026, alilipia ukurasa mzima wa gazeti la Wall Street Journal kuwaomba radhi Wayahudi na watu weusi. Nitaurudia ukurasa huo, maana ndani yake mna funzo ambalo wengi waliuruka.

Katika miaka hiyo yote, umma uligawanyika makundi matatu. La kwanza ni la wachekaji, ambao kila kauli kwao ilikuwa kichekesho cha kupitishiana. La pili ni la watetezi, waliosema, "Mwacheni, anaumwa," wakidhani kwamba neno hilo limemaliza kesi. La tatu ni la wenye hasira, ambao kwa kukosa tusi lililo kali vya kutosha waliushika ugonjwa wenyewe wakaufanya tusi. Makundi haya huonekana kana kwamba yanapingana, lakini kuna jambo moja wanaloshirikiana: hakuna kati yao aliyejishughulisha kuujibu uongo uliosemwa. Wote walitamka neno "wazimu", kila mmoja kwa nia yake, wakaondoka.

Na ugonjwa huu hufanya nini hasa? Baipola ni maradhi ya kupanda na kushuka kwa hali ya moyo kupita kiasi. Katika kupanda, mgonjwa hulala saa chache mno bila kuchoka, mawazo humjia mbio, maneno humtoka kwa kasi, hutumia fedha ovyo na huweza kujiona kuwa ameteuliwa kwa jambo kubwa. Katika kushuka, hulemewa na huzuni nzito hata kuoga kukawa kazi. Baina ya vipindi hivyo huweza kuishi kama mimi na wewe. Dawa zipo, mojawapo, lithiamu, ilijulikana manufaa yake tangu 1949, pale daktari John Cade wa Australia alipochapisha matokeo ya kazi yake. Ugonjwa huu, basi, waweza kulegeza breki za ulimi. Lakini gari lililokatika breki hufuata barabara iliyo mbele yake. Barabara yenyewe haikuchongwa na breki zilizokatika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa wakiishi na maradhi haya. Lau ugonjwa ndio unaotunga chuki dhidi ya Wayahudi au dharau dhidi ya watumwa, tungesikia maneno hayo kutoka kwa mamilioni hao. Hatuyasikii. Wengi wao wanakwenda kazini, wanalea watoto, wanameza dawa zao, na wananyamaza kwa kuogopa kicheko kama kile cha pale mbuyuni.

Hapa sina budi kusimulia kisa ambacho nimekibeba kwa zaidi ya miaka 30.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilifundisha katika shule moja ya kisiwa hiki. Tulikuwa na mwalimu mwenzetu wa hisabati, mtu mpole na mcheshi. Muhula mmoja alianza kubadilika. Alikesha akisahihisha madaftari ambayo hakuna aliyemtaka ayasahihishe. Akatutangazia kwamba angenunua meli. Alizungumza hata kengele ikalia, akaendelea kuzungumza. Asubuhi moja, saa ya chai, mpishi wetu alipoingia na birika na mahamri, mwenzetu alimgeukia akamwita mtumwa. Akamwambia mbele ya walimu wote kwamba wazee wake walitiwa minyororo kwa kuwa walipenda kutiwa.

Sote tulijua nasaba ya mama yule. Bibi wa mamake alikuwa miongoni mwa watu walioteremshwa Freretown, ng'ambo ya maji, baada ya kuokolewa kutoka jahazini. Chumba kizima kilinyamaza. Kisha mmoja wetu akamshika mkono mama akamtoa nje, akimwambia, "Msamehe, mama, anaumwa." Siku mbili baadaye mwalimu alipelekwa hospitali. Nasi tukaona tumefanya kila linalopasa. Mama alirudi jikoni, na hakuna aliyemuuliza usiku ule alilala vipi.

Miezi mitatu baadaye mwenzetu alirejea akiwa mzima. Aliomba kusema neno katika mkutano wa walimu. Tulimkatiza kwa huruma: "Yamepita, ndugu. Hukuwa wewe." Tulijihisi waungwana sana. Jioni ile tulitembea pamoja hadi ufukweni, naye akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mnaposema sikuwa mimi, mnaniambia kwamba miezi ile sikuwamo duniani. Nilikuwamo. Uso wake ninaukumbuka."

Kesho yake alikwenda jikoni peke yake. Alichoambiwa huko alinisimulia mwenyewe. Mama aliweka mwiko chini akamjibu: "Maradhi yako, Mwalimu, niliyasamehe siku ile ile. Lakini lile neno hukulipata kwa maradhi. Ulilisikia mjini ukiwa mzima, kama nilivyolisikia mimi." Kisha akammiminia chai.

Ndugu msomaji, katika sentensi tatu mwanamke yule, ambaye shule aliiona kwa dirisha la jikoni tu, alitufundisha sisi wenye vyeti. Alitenga mambo mawili ambayo sisi tuliyachanganya. Maradhi ni ya mgonjwa na daktari wake. Hayo husamehewa, bali hata hayana haja ya msamaha, kwa kuwa hayakuombwa. Neno ni la mji mzima. Lilikuwapo kabla ya ugonjwa, na litabaki baada ya dawa, iwapo hakuna atakayelishika na kulijibu. Ugonjwa ulifungua mlango tu. Kilichotoka nyumbani tulikuwa tumekiweka sisi.

Aidha, alifanya jambo ambalo huruma yetu ilishindwa kulifanya. Alimpa mwenzetu nafasi ya kuomba radhi. Sisi, kwa kumwambia "hukuwa wewe," tulimnyang'anya haki ya kuwa mtu mwenye deni na mwenye uwezo wa kulilipa. Kumsamehe mtu kabla hajaomba, na kabla ya aliyeumizwa kuulizwa, ni njia nyingine ya kumwambia kwamba neno lake halina uzito wa kibinadamu. Mtoto mchanga na kichaa, ndivyo tulivyozoea kusema, hawana hesabu. Lakini mwenzetu alitaka kuhesabiwa.

Tulichunguze basi neno lenyewe tunalolitumia. Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya mgonjwa wa akili: mwendawazimu, kichaa, majinuni, mwehu, punguani, na sasa chizi. Karibu yote ni ya kutupiana mitaani. Na hata hivyo wahenga wa lugha hiyo hiyo walituachia onyo: mcheka kilema hafi bila kumfika. Wakaongeza: kabla hujafa hujaumbika. Sijui taifa lenye methali mbili kama hizi lilijifunzia wapi kumpiga picha mgonjwa barabarani na kuisambaza.

Maana hayo tumeyaona hapa Kenya. Conjestina Achieng', bondia wa uzani wa kati aliyetupatia sifa ulingoni wakati ambapo wengi hawakujua kwamba mwanamke wa Kenya hupigana ngumi, alipatwa na maradhi ya akili, akalazwa zaidi ya mara moja katika hospitali ya Mathari. Picha zake katika hali ya unyonge zilizunguka nchi nzima. Mwaka 2022 aliletwa hapa Mombasa kwa matibabu, kwa msaada wa aliyekuwa gavana wa Nairobi, Mike Sonko. Msaada ni msaada, nao wastahili shukrani. Lakini nawauliza walimu wenzangu: picha hizo zilipopita mikononi mwa wanafunzi wetu, nani aliwaambia wazime simu? Conjestina hakumtusi mtu yeyote, na bado alichekwa. Hii ndiyo hoja ninayotaka yule msichana aishike. Kumbe kicheko chetu hakitokani na matusi ya mgonjwa. Kingekuwapo hata pasipo tusi. Tusi hutupatia kisingizio tu.

Neno hili lina kazi nyingine iliyo mbaya zaidi: kuziba mdomo. Elijah Masinde wa Kimilili, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaambia Waingereza waondoke na dini yao. Badala ya kumjibu, serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940 ilimtia Mathari kama mwendawazimu, akatoka 1947. Hospitali hiyo, iliyoanza 1910, iliwahi kuongozwa na daktari J. C. Carothers, ambaye mwaka 1954 aliandika kijitabu kilichoieleza Mau Mau kwa lugha ya saikolojia, kana kwamba anayedai shamba lake ana kasoro kichwani. Mtu akishaitwa mwendawazimu, hoja yake haipimwi tena, hupimwa yeye. Kwa hiyo anayedhani kwamba kuita kauli "wazimu" ni kuishinda, na akumbuke ni nani waliowahi kuitumia silaha hiyo, na dhidi ya nani.

Na kuna upande wa tatu. Mnamo Septemba 1972, Idi Amin wa Uganda alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, simu ya maandishi akisifu mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Hitler. Mwezi mmoja kabla yake alikuwa ametoa amri ya kuwafukuza Waasia kwa siku 90. Ulimwengu ulifanya nini? Sehemu kubwa yake ilicheka. Magazeti ya ng'ambo yalimchora kama kikaragosi, na watu ambao hawakupata kumgusa hata kwa kipimajoto walimtangaza kuwa kichaa. Kumbe mtu anayechekwa huwa haogopwi, na asiyeogopwa huwa hazuiwi. Uganda ilingoja hadi Aprili 1979 kumwona akikimbia, na makaburi yaliyochimbwa katika miaka hiyo hayakuwa kichekesho. Simsemi Amin kwa kumlinganisha na mwanamuziki. Mmoja alikuwa na jeshi, mwingine ana kipaza sauti. Namtaja kwa sababu kauli ya kumsifu Hitler ni ile ile, na jibu la umma lilikuwa lile lile: "Huyo ni kichaa," halafu kicheko. Uovu ukiitwa ugonjwa hupata uhuru wa kutembea, na ugonjwa ukiitwa uovu hupata aibu ya kujificha. Tunapochanganya hivyo, tunaharibu pande zote mbili.

Sheria yetu haichanganyi. Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya husema kwamba mtu hana hatia ya jinai iwapo, kwa sababu ya maradhi ya akili, hakuweza kufahamu alitendalo au kujua kwamba hapaswi kulitenda. Tazama jinsi mlango huo ulivyo mwembamba. Haitoshi kuwa na ugonjwa. Ni lazima ithibitike kwamba ugonjwa ulifunika fahamu wakati ule wa kutenda. Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 33, hutupa uhuru wa kujieleza huku ikiutoa nje uchochezi na matamshi ya chuki. Hakuna mahali ambapo Katiba hiyo inasema umaarufu unaongeza uhuru huo, wala kwamba ugonjwa unaupunguza. Ikiwa hakimu hutakiwa kusikiza ushahidi kabla ya kuamua, mbona sisi huhukumu kwa sekunde tatu, kwa neno moja la mtaani?

Basi kile kijana alichouliza, "Maneno ya chizi nayo hujibiwa?", chastahili jibu. Ndiyo, hujibiwa. Siku ile ya Mei 2018 yupo aliyelijua hilo. Mfanyakazi mmoja wa TMZ, Van Lathan, alisimama katika chumba kile kile akamweleza msanii yule usoni kwamba kauli yake imemuumiza, na kwamba wengine ndio wanaobaki wakiishi na matokeo ya yale yeye anayoyasema. Hakumwita kichaa. Hakumcheka. Alimjibu kama mtu anavyomjibu mtu.

Nasi tulio Mombasa tuna jibu lililo karibu zaidi. Eti utumwa ulikuwa hiari! Nenda Kengeleni, uitazame kengele iliyolipa eneo hilo jina lake. Freretown ilianzishwa 1875 kuwapa makao watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Nenda Rabai: mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha kwa wamishenari walipata hati za uhuru, baada ya Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki kuwalipa mabwana wao fidia. Wengine walitorokea bara, wakaanzisha makazi yao wenyewe kama Fuladoyo, wakilima na kulinda mipaka yao kwa silaha. Mtu hatoroki alichokichagua. Neno lenyewe, "mtoro", ni ushahidi. Lugha haikosi jina la kitu kilichokuwa kikitendeka kila siku. Na huyo Harriet Tubman aliyedharauliwa jukwaani alitoroka mwaka 1849, kisha akarudi kiasi cha mara 13 katika nchi ambayo kichwa chake kilitafutwa, akawatoa watu wapatao 70. Utumwa wa kisheria katika pwani yetu ulifutwa 1907 tu. Wapo wazee waliowaona kwa macho watu waliozaliwa chini yake.

Jibu hili halikunichukua muda mrefu kulitoa. Lingeweza kutolewa pale mbuyuni siku ile ile. Lakini tulicheka, na uongo ukaondoka na wanafunzi hadi majumbani mwao bila kuguswa. Kijana aliyecheka hakujifunza kwamba kauli ile ni ya uongo. Alijifunza tu kwamba aliyeisema ni chizi. Kesho ataisikia kutoka kwa mtu mwenye suti na akili timamu, naye atakuwa hana jibu.

Sasa niurudie ule ukurasa wa gazeti wa Januari 2026. Ndani yake msanii huyo alieleza maradhi yake, akaeleza pia ajali ya gari ya mwaka 2002 ambayo anasema ilimjeruhi ubongo. Wengi walisoma hadi hapo, wakagawanyika tena: hawa wakisema amesafishika, wale wakisema anatafuta soko. Lakini katika barua hiyo hiyo alisema kwamba haombi kuonewa huruma wala kupewa ruhusa ya kupita bure. Anatumai kuustahili msamaha. Iwapo ataustahili, hilo litaonekana kwa matendo, na wenye haki ya kuutoa ni wale aliowatukana. Mimi si miongoni mwa waamuzi wa moyo wake. Ila nasikia katika maneno hayo mwangwi wa mwalimu wetu wa hisabati: nilikuwamo. Mgonjwa mwenyewe anaikataa ngao tuliyomshikisha. Ni nani sisi tumlazimishe kuibeba?

Walimu wenzangu, hatuhitaji mtaala mpya ili kulifanya hili. Mwanafunzi akileta darasani kauli ya kuudhi ya mtu maarufu, tumuulize kwanza: ni kweli au si kweli, na kwa ushahidi gani? Tuulize pili: imemuumiza nani, na yeye anasemaje? Suala la ugonjwa liachwe kwa daktari, na likitajwa litajwe kwa jina lake, kama tunavyotaja kisukari au pumu. Na anayejiona kuwa analala saa mbili tu kwa siku kadhaa huku mawazo yakimkimbia, au ambaye huzuni haimwachi, ajue kwamba tiba ipo, na kwamba kwenda kuitafuta si aibu. Hapa Mombasa hospitali ya Port Reitz ina huduma hizo. Mwaka 2022 Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Afya ya Akili ili kumlindia mgonjwa utu wake. Lakini sheria haiingii chini ya mbuyu. Huko tunaingia sisi na ndimi zetu, na ulimi, tunavyojua, hauna mfupa.

Jumamosi iliyofuata niliianza mdahalo kwa kuungama kwamba nilicheka na kwamba nilikosea. Kisha nikawataka wairudie hoja, safari hii neno "chizi" likiwa limepigwa marufuku. Ajabu ni kwamba mdahalo uliwawia mgumu zaidi, na mrefu zaidi. Yule kijana mcheshi alilazimika kutafuta hoja za kuipinga kauli ya utumwa, akagundua kwamba hakuwa nazo, akatoka na ahadi ya kwenda Kengeleni. Na yule msichana, ambaye tangu ajiunge nasi hakuwahi kusimama kusema, alisimama. Hakumtaja kaka yake. Hakuwa na haja. Alisema sentensi moja akaketi: "Mwenye kuumwa tumpeleke kwa daktari, na mwenye kusema uongo tumwambie ni uongo, akiwa ni mtu mmoja, basi tumfanyie yote mawili."

Sina la kuongeza.